Mdogo Wangu Aliyengoja Mabati

Nilimbatiza mdogo wangu kwa maji ya kuoshea viazi. Nilijifunga shuka jeusi la baba shingoni likawa joho, nikambeba yule mtoto wa kike, nikabana pua ili nipate sauti ya mchungaji wetu, nikammwagia utosini mara tatu: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina nililompa ni la ng'ombe wa jirani, yule mkorofi anayevunja nyua. Waumini walikuwa wadogo zangu wawili na mbuzi. Wote waliitikia amina, isipokuwa mbuzi.

Mtoto alicheka. Mama alitoka jikoni na mwiko.

"Jina la Mungu ndilo mpira wenu wa matambara?" Akanichapa nao, na ugali ukaning'ang'ania sikioni.

Lakini hata yeye alikuwa amechoka kungoja. Mtoto alitakiwa abatizwe tangu Pasaka. Baba ni karani wa ghala la Mhindi kule Makambako, anapima mahindi na maua makavu ya pareto, na huja kwetu Njombe kwa lori mara moja kwa mwezi. Kila akija ana sababu mpya. Kwanza ilikuwa gauni jeupe la lesi. Baadaye ikawa mabati. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemfanyia mwanawe sherehe ya ubatizo chini ya mabati mapya, kwa mikate na chai ya sukari tele, na mpaka leo watu wanaihadithia ile mikate; mtoto mwenyewe hawamkumbuki.

"Mungu hakuomba bati, baba watoto," mama alimwambia.

"Mungu hakuomba, watu wanaomba. Wageni wangu wanyeshewe na chai mkononi? Mimi kule nateseka kwa ajili ya nani?"

Baba si mtu wa kumsahau Mungu. Sala yake ya chakula ni ndefu hata mboga hushika baridi. Ila kwake Mungu naye alikuwa mgeni wa heshima, asiyekaribishwa kwenye nyumba ya nyasi. Aliposikia habari za ubatizo wangu aliniahidi fimbo, halafu lori likapiga honi, akaondoka bila kunichapa.

Ukaja mwezi wa sita, na ukungu wetu ule usioondoka hadi saa nne. Mtoto akashikwa na kifua. Mama akatuma habari Makambako kwa dereva, na jibu likarudi: baba anakuja Jumamosi, na mabati yamepatikana.

Alfajiri ya Jumamosi mtoto alianza kuvuta pumzi kwa shida. Mwinjilisti wetu, anayeshika kanisa mchungaji asipokuwepo, alikuwa ameitwa kijiji cha mbali. Kwenye mafundisho tunaambiwa kwamba mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Mama alichota maji kwa kikombe. Akakishika. Akakiweka chini.

"Baba yenu yuko njiani," alisema. "Tusimvunjie heshima."

Mtoto alikata roho kabla jua halijatoka. Lori lilifika adhuhuri.

Mwinjilisti alirudi alasiri, akatukuta uani na majirani. Akaeleza kwa upole kwamba kengele hupigiwa aliyebatizwa, na makaburi ya kanisa ni ya waliobatizwa.

"Alibatizwa," baba alisema. Akanishika bega. "Huyu kijana alimbatiza."

Mwinjilisti akanigeukia. "Ulitumia maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?"

"Ndiyo, mzee."

"Moyoni ulikusudia nini?"

Mimi shuleni sikosi jibu, hata la kipuuzi. Siku ile nilianza kuhesabu mabati yaliyoshushwa uani.

"Sema, mwanangu," baba alisema. Kwa kawaida huniita "wewe." "Sema ulikuwa unambatiza."

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama chini.

"Nilikuwa nachekesha watu, mzee."

"Na ulimpa jina gani?"

Nikalitaja. Mwenye ng'ombe alikuwa amesimama palepale na jembe la kuchimbia kaburi. Hakuna aliyecheka. Baba aliondoa mkono wake begani kwangu.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mianzi. Mwinjilisti hakuvaa joho. Alivua kofia, akaomba kama jirani, akatusaidia kufukia. Mtoto alivishwa lile gauni la lesi. Lilifika mchana ule pamoja na mabati. Baba alikuwa amenunua kubwa, ili alivae mpaka akue, ikabidi mama alikunje mara nyingi miguuni.

Watu walipotawanyika, baba alikwenda kukaa peke yake kando ya rundo la mabati. Mimi nilimfuata mama jikoni. Nikaanza kulia, nikamwambia ningesema uongo tu, neno moja, kengele ingelia. Alikuwa anakoroga uji kwa mwiko uleule. Hakugeuka.

"Nyamaza," alisema. "Wewe walau ulimmwagia maji. Haya, kamwite baba yako, uji unapoa."