Jina Alilolipata Sidi Chemchemini

Watu wakinisikia nikimsifu mke mwenzangu huniambia nimelishwa kitu. Wacha waseme. Mimi Kuluthumu binti Mzee, mzaliwa wa Mambrui, mjukuu wa watu waliotoka visiwani kaskazini, sijalishwa kitu na mtu. Namsifu Sidi kwa sababu anasifika.

Mahadhi, mume wetu, alimwoa kutoka Jilore mwaka wa sabini na tisa. Aliposilimu alipewa jina la Khamisa, lakini ukimwita Khamisa hageuki, basi tukabaki na Sidi. Wanawake wa mtaani walimcheka kwa lafudhi yake na kwa kutembea pekupeku. Mimi nilinyamaza, tena si kwa wema. Nilikuwa namngojea akosee. Hakukosea. Kishamba chetu, mchanga mtupu, alikitia samadi akakipanda mihogo na kunde. Mwaka wa themanini na nne, watu walipokuwa wakipanga foleni ya mahindi ya njano, sisi tulikula chakula cha mikono yake. Wale waliomcheka walikuja na vikapu, naye akawajazia.

Kitu kimoja tu hakukipata, mtoto. Kwao Wagiriama mwanamke akizaa, jina lake la usichana huwekwa kando, akaitwa kwa mwanawe: Mekadzo, Mecharo, yaani mama wa Kadzo, mama wa Charo. Sidi alikuwa bado Sidi. Akienda kwao arusini au matangani, wadogo zake waliitwa kwa heshima zao, yeye akaitwa kama kijana wa kutumwa maji. Hakulalamika. Lakini kila akirudi safari hizo alimpakata binti yangu Jaha mpaka mtoto akalala.

Mwaka huo huo wa njaa Jaha alipatwa na surua. Homa ilipoondoka iliondoka na sauti yake. Mtoto wa miaka mitano, mdomo uliokuwa haufungi kutwa, akawa anatutazama tu. Hospitalini Malindi daktari alitwambia tusubiri, huenda ikarudi. Nikamsomea dua, nikamnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nikasubiri. Sidi hakuweza kusubiri. Alikwenda kwao peke yake, kwenye chemchemi ya msituni wanayoiheshimu tangu enzi za mababu, akaweka nadhiri: Jaha akisema, atakuja na mtoto kushukuru, kwa miguu kutoka Mambrui, pekupeku, na mtungi mpya kichwani.

Asubuhi moja, miezi imepita, nakuna nazi jikoni, nikasikia uani, "Sidi, kuku anakula unga!"

Alikuwa Jaha. Ndiyo, alimwita Sidi, hakuniita mimi. Niliumia? Niliumia sana. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko maumivu, nikatoka mbio nikamkumbatia Sidi kwanza, mtoto baadaye.

Mahadhi alitaka kututafutia gari. Sidi akakataa, akasema nadhiri hailipwi kwa matairi. Basi nami nikavua viatu. Sikuwa nimeweka nadhiri yoyote, ila niliona haya kuvaa ndara nyuma ya mtu anayekanyaga miiba kwa ajili ya mwanangu. Jaha tulimpandisha punda wa jirani, tukaufuata mto Sabaki kwenda juu. Nyayo zangu hazijui mawe. Zilichanika mapema, na Sidi akanichania upande wa leso yake akanifunga. Tulilala kwa kaka yake Mwambire, na asubuhi tukaingia msituni, jamaa zake wakitangulia.

Njiani Sidi akasimama. Akaushika mtungi kwa mikono miwili.

"Dada, ile siku ya nadhiri nilisema ni mwanangu," akaniambia. "Sikusema ni wa mwenzangu."

Ndipo akanieleza. Anayeshukuru kwa ajili ya mtoto, mguu wa kwanza majini ni wa mama. Asiye mama akiutia, nadhiri haitoki, na wao huamini lililopewa huchukuliwa tena. Na aliyesema uongo pale hufukuzwa, harudi maisha. Hakuniomba nimfiche. Aliniambia tu, kisha akaendelea kutembea.

Tulipofika, nilimsikia mdogo wake mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba Sidi kaja na mtoto wa kuazima. Damu ikanipanda. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na huyo mnong'onaji hakuwapo mtoto wangu alipokuwa akikesha kifuani mwa Sidi.

Mlinzi wa chemchemi, bibi mmoja mkongwe aitwaye Kahonzi, alikuwa amekaa ukingoni. Maji yalikuwa safi, yanatoka chini ya mwamba taratibu. Akatutazama sote wawili, akauliza mama wa mtoto ni nani. Sidi akanigeukia. Nikatanguliza Bismillahi, nikamshika mkono.

"Hawe," nikamwita, kama wao wanavyowaita nyanya zao, "mimi nilimzaa akaja na sauti yake. Sauti ilipopotea, aliyemzaa mara ya pili ni huyu. Hakukudanganya. Mguu wa kwanza ni wake."

Bibi Kahonzi aliangalia miguu yangu, ile leso iliyolowa damu, akauliza kama nami niliweka nadhiri. Nikasema sikuweka. Akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Sidi.

"Ingia, Mejaha," akasema.

Sidi akatia mguu majini na mtungi wake kichwani, Jaha kamshika leso, na Sidi mwenyewe machozi yanamtoka bila sauti. Mimi je? Nililia kwa sauti, mbele za watu, wala sioni haya kusema. Nilijiona nimeozwa kwenye nyumba ya kifalme kwa kuwa na mwenzangu kama yule. Jaha alikunywa, akalalamika kwamba maji ni baridi mno. Na yule mnong'onaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpokea Sidi mtungi.

Sasa ni mwaka wa themanini na nane. Jaha yuko skuli, na mwalimu wake ameshatuita kwa sababu hanyamazi darasani. Kila mwaka twaenda Jilore sote watatu, na viatu tunaviacha nyumbani. Hapa Mambrui mama Jaha ni mimi, hakuna ubishi. Kule mambo mengine. Nikipita sokoni wanawake huambiana, "Yule ni mke mwenza wa Mejaha," kisha huniita hivyo hivyo.

Nami huitika.