Chupa Tisa za Truphosa

Tangu nimjue Truphosa, sijamwona akitupa chakula. Maji yaliyochemshiwa viazi aliyatia chumvi akayanywa, na maganda ya mkate aliyalowekea paka ambaye hata hakuwa wake. Kwa hiyo zilipobaki chupa tisa za sosi jikoni mwake baada ya Krismasi ya mwaka sabini na tatu, sisi tuliokaa naye nyumba moja pale Handsworth, Uingereza, tulijua kazi ipo.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa akiosha vyombo katika jiko la hospitali, na kila Desemba aliwaona wapishi wakiweka kijiko cha kitu chekundu kando ya nyama ya bata mzinga. Hakuwahi kuonja, maana sahani zilimfikia tayari kwa sabuni. Akaamua moyoni mwake kwamba ile ni pilipili ya Wazungu. Wakenya tulipopanga kula Krismasi pamoja kwenye ukumbi wa kanisa, alisimama akatangaza kila nyumba ije na chupa moja. "Hapa nyama huliwa hivyo," akasema. Nani angembishia mtu wa jikoni?

Tukanunua. Nyumba tisa, chupa tisa. Kumbe ni sosi ya kranberi, tunda dogo jekundu, chachu, lililopikwa na sukari mpaka likaganda kama jamu. Aliyetangulia kuionja ni Barnabas, kijana wa Kitui ambaye mkewe Mumbua alikuwa mjamzito. Alipaka paja zima la kuku kama mtu apakaye rangi mlango, akauma. Nyusi zikapanda, mdomo ukaenda upande, jicho moja likafumba.

"Mama Eliud," akamwambia Truphosa, "hii ni dawa ya kikohozi."

Ukumbi wote ukacheka. Kila chupa ilikuwa imeshafunguliwa, na kila moja ilitoka kijiko kimoja, basi. Truphosa alizifunika, akazipanga kapuni, akapanda nazo basi la Soho Road bila kumtazama mtu.

Aliyeumia ni mumewe, Cleopas. Januari ile makaa ya mawe yalikuwa haba na viwanda vilifanya kazi siku tatu tu kwa wiki, kwa hiyo mwanamume wa watu alishinda nyumbani akilishwa. Leo mkate na sosi. Kesho maandazi yenye sosi ndani, yakapasukia kwenye mafuta na kurusha wekundu ukutani hadi ungedhani mtu kachinjwa. Siku ilipoingia kwenye maharage, Cleopas aliweka kijiko chini.

"Mke wangu, nimekukosea nini?"

"Kula. Ina vitamini."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa kwenye chupa."

"Nisomee."

Truphosa aliisoma kimoyomoyo, akairudisha kabatini.

Mimi nilimshauri amwage zote, hakuna atakayejua. "Mungu atajua," akanijibu, "na wewe utasema." Alinifahamu vizuri.

Zilikuwa zimebaki sita Mumbua alipojifungua mtoto wa kiume. Siku kumi zikapita na mtoto hakuongezeka hata kidogo. Jumatatu nesi wa mtaa, mwanamke mrefu anayetembea na mizani yake mkobani, alipima, akatikisa kichwa. Alisema atarudi Ijumaa, na akikuta uzito uko palepale, mtoto anarudi hospitali. Mumbua mwenyewe alikuwa hali chakula. Ukimpelekea supu, anageukia ukutani. Ukimpelekea wali, vivyo hivyo. Maziwa yatoke wapi?

Truphosa alikaa ukingoni mwa kitanda. "Binti yangu, sema unataka nini, nikipike."

"Hakipo huku."

"Wewe sema."

"Uji wa mawele wa kwetu, wenye ukwaju." Machozi yakaanza kumtoka. "Mama angekuwa ameshanipikia sufuria mbili."

Truphosa ni Mmaragoli. Uji wa ukwaju alikuwa akiusikia tu kwa watu. Lakini alijitanda skafu yake, akachukua kapu, akatumbukiza na chupa moja ya sosi, kwa kuwa siku hizo hakutoka nyumbani bila kutafuta wa kumpa, tukashuka wote mpaka dukani kwa Vinubhai. Vinubhai aliendesha duka Kitui miaka ishirini kabla ya kuja Uingereza, na Kikamba chake kilitushinda sisi sote. Unga wa mawele alikuwa nao, kwani Wagujarati huuokea mikate.

"Na ukwaju?" akauliza Truphosa.

"Umekwisha, mama. Watu wa harusi wamebeba wote. Ngoja wiki tatu."

"Wiki tatu? Mtoto Ijumaa anachukuliwa."

Akamweleza habari yote, Vinubhai akasikiliza akisikitika. Truphosa akatoa chupa, akaiweka mezani.

"Basi pokea hii. Zawadi ya Krismasi."

"Krismasi imepita, mama."

"Ndiyo maana inatafuta mwenyewe."

Vinubhai aliifungua, akachovya kidole, akaonja. Mimi nilikuwa nikiusubiri uso ule wa Barnabas. Haukuja. Akaonja tena, polepole.

"Mama, Wakamba wanatia nini kwenye ule uji?"

"Nijuaje mimi? Unga. Ukwaju."

"Na sukari. Unga, ukwaju, sukari." Akagonga kifuniko kwa kidole. "Uchachu uko humu. Sukari iko humu. Chuja maganda, usiongeze sukari nyingine." Kisha akairudisha kapuni. "Zawadi nimekataa. Utaihitaji."

Truphosa alirudi nyumbani kwa mwendo ambao miguu yangu haijausahau. Akakoroga mawele, akachuja sosi kwa chujio la chai, akakamulia nusu limau kuupunguza utamu. Uji ukatoka na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Tukautia kwenye thamosi, tukampelekea Mumbua.

"Mbona mwekundu?"

"Kunywa kwanza, maswali baadaye."

Akanywa. Truphosa alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili kama anayesubiri hukumu. Mumbua akameza, akalamba mdomo.

"Ukwaju huu si wa kwetu."

"Si wa kwenu."

"Wa wapi basi?"

"Wa hapahapa."

Mumbua akanyoosha kikombe apewe kingine.

Tangu siku hiyo Truphosa alipika kabla ya kwenda kazini, akapika tena alipotoka. Jumatano Mumbua alimaliza thamosi kabla ya saa tano na kuuliza kama kuna chapati. Mimi sisemi ni uji ulioleta maziwa. Pengine ni hamu ya kula tu iliyorudi, pengine ni kule kuitwa binti yangu. Ila Alhamisi usiku wa mtoto ulikuwa kimya, na majirani walishukuru.

Ijumaa nesi akaja. Tulijipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Mtoto akawekwa kwenye mizani, akapiga kelele kama mwenye nyumba anayedai haki yake. Wakia tano zimeongezeka. Nesi akacheka, akauliza mama amekuwa akila nini.

Truphosa akainua chupa. Nesi akasoma karatasi ya chupa, akautazama uji sufuriani, akaisoma tena. Hakuamini. Basi akapewa kijiko, na kwa adabu zao Wazungu hakuweza kukataa. Nyusi zikapanda, mdomo ukaenda upande, jicho moja likafumba.

Jumamosi tunakunywa chai kwa Truphosa, mlango ukagongwa. Barnabas huyo, kofia mkononi.

"Mama Eliud, Mumbua anauliza kama imebaki."

"Imebaki nini?"

"Ile sosi."

"Sosi? Humu hamna sosi, mwanangu. Kuna dawa ya kikohozi."

Barnabas akatazama viatu vyake. "Basi nipe hiyo hiyo dawa."

"Kohoa kwanza."

Akakohoa. Truphosa akainuka kwenda kabatini, hana haraka, na Cleopas akashusha gazeti lake.

"Kohoa tena, Barnabas," akasema, "akupe na ile chupa ya nyuma."