Nyumba ya Njano ya Doña Eida

Shemeji yangu, Doña Eida Villarreal, hajawahi hata siku moja kuniambia ninyamaze. Nalitaja hilo mapema kwa sababu hapa Punta Cangreja kila mtu ameshaniambia, kuanzia padri hadi mke wangu. Jina langu ni Olger, lakini wananiita Lapa, jina la wale kasuku wakubwa wekundu wanaopita juu ya mapaa yetu kila asubuhi wakipayuka. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa katikati ya boti ya Eida, uso wangu ukimwelekea yeye aliyeshika usukani nyuma, nikiwatilia wageni chambo kwenye ndoana na kuongea bila kituo. Yeye anasikiliza tu, anatikisa kichwa. Nilijua ananipenda.

Eida ni mjane wa kaka yangu. Ana miaka sitini na tatu, mwembamba, mkavu, na ukimtania anakurudishia mara mbili. Alianza kupeleka wageni kuvua mwaka uleule aliofiwa, na wanaume wa hapa walimpa wiki mbili tu atakuwa ameshachoka. Wengi wao sasa wanauza barafu. Safari zetu ni za nusu siku: tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunarudi saa tano kabla jua halijawa kali, na hatuendi mbali. Harufu ya matope ya mto tunakuwa nayo puani muda wote.

Manahodha vijana wana vioo vya umeme vyenye ramani, vya kuwaonyesha njia. Eida hana. Yeye anakwenda kwa alama za nchi kavu, unapanga mti na paa, paa na kilima, zikisimama mstari mmoja unajua mwamba uko chini yako. Ila alama zake zilikuwa kichekesho. "Tupange nyumba ya njano ya marehemu Chepe na mkwaju wa shule," angesema. Nyumba ya Chepe ilibomolewa siku nyingi, pamejengwa hoteli. Mkwaju ulikatwa. Lakini nani angeshangaa? Costa Rica nzima tunaelekezana hivyo. Ukiuliza zahanati iko wapi utaambiwa anzia palipokuwa na duka la mikate, shuka mita mia mbili kusini, na duka hilo liliungua kabla sijazaliwa. Basi tulicheka, tukaenda na nyumba yetu ya njano, na samaki walikuwepo palepale.

Aliyekuwa hacheki ni Maricruz, binti yake, ambaye ndiye anayepokea wageni na kupanga safari. Yeiner na manahodha wenzake vijana walikuwa wameanza kusema kwamba bibi apumzike, na Maricruz aliona wana haki. Wiki Takatifu iliyopita mama na binti waligombana mbele ya ukoo mzima, sahani zikiwa mezani, mpaka Eida akapiga meza na kutoa neno lake: "Siku boti yangu itakapomtia mtu hatarini, iuze siku hiyohiyo. Sitafungua mdomo." Neno la Eida tunalijua wote. Tangu siku hiyo kila tuliporudi salama, mimi nilikuwa nashukuru kimoyomoyo.

Jumatatu ninayoisimulia, sauti yangu ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na sherehe za ng'ombe dume siku tatu mfululizo, na mimi sijui kutazama mtu akirushwa na dume nikiwa kimya. Niliamka nikakuta kooni hamna kitu, hewa tu. Mke wangu alipika kahawa akiimba.

Mgeni alikuwa mmoja, Don Evelio Brenes, mwalimu mstaafu kutoka Cartago, kule juu kwenye baridi. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamemlipia safari kama zawadi. Alikuja na shati lililopigwa pasi na kitabu cha kuandikia.

"Leo tumempata mtu wa maana," Eida akasema. "Na Lapa hana sauti. Mwalimu, wewe ni mtu wa bahati, hujui tu."

Nikatupa kimia mdomoni mwa mto, kikafunguka vizuri, tukapata mikizi wadogo wa kutosha kwa chambo. Tukaanza kwenda polepole kandokando ya miamba. Bahari ilikuwa tulivu, asubuhi nzuri kabisa.

"Nyumba ya njano na mkwaju," Eida akasema, akageuza usukani.

Mwalimu akaangaza macho pwani. "Nyumba ya njano ni ipi?"

Nikamnong'oneza kwamba haipo, wala mkwaju haupo. Akaandika kwenye kitabu chake. Nami nikainama kufunga ndoana, mgongo wangu ukiwa mbele tunakokwenda, kama kawaida yangu.

"Nahodha, kuna mtu mbele," mwalimu akasema.

"Baharini hapakosi watu, mwalimu," Eida akajibu kwa uchangamfu, na boti ikaendelea vilevile.

Kitu fulani kikaniambia nigeuke. Boti ya Yeiner ilikuwa imetia nanga mbele yetu, mashine imezimwa, rangi ya machungwa inayoonekana hadi Nikaragua, na yeye mwenyewe amelala chali, kofia usoni. Tulikuwa tunamwendea kifuani. Nikafungua mdomo nipige kelele, kikatoka kilio cha kifaranga.

"Kulia!" mwalimu akanguruma kwa sauti ya darasani, ile ya miaka arobaini. "Kulia, mama, kulia!"

Eida akavuta usukani. Tukampita Yeiner kwa upana wa mkono, boti yake ikayumba, akaamka akiwa amekumbatia ndoo.

"Doña Eida! Unataka kunipasua?"

"Nimekuja kukuamsha, mvivu wewe! Samaki wanapita chini ya makalio yako na unakoroma!"

Yeiner mwenyewe alicheka. Mwalimu alicheka. Mimi sikuweza, maana nilikuwa nimeona Eida ameukumbatia usukani kwa mikono miwili, yeye anayeushika kwa mmoja siku zote.

Mwalimu akasogea karibu yangu. "Samahani, bwana Olger, nauliza tu. Kwetu Cartago nasi tunasema pale palipokuwa na sinema. Lakini mtu anakuwa amesimama barabarani, anaona vilivyobaki, anakisia. Nahodha wako hapa kwenye maji anakisia kwa kuona nini?"

Kisha nikafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa nisingethubutu. Nikamgeukia Eida, aliyekuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwangu, jua likiwa usoni mwangu, nikamtolea ulimi. Wote, mpaka kidevuni. Nikakodoa na macho juu yake.

Eida akaendelea kutafuna kisheti chake cha mahindi, akinitazama.

Nikaanza kukumbuka maneno yangu yote ya miaka hii. Huyo anakuja Yeiner na mashine yake mbovu. Loo, gogo hilo limeletwa na mto. Tazama ndege wale wanavyopiga mbizi upande wa mwamba. Kutwa nzima nilikuwa namtajia kila nilichokiona nikigeuza shingo, nikidhani napiga soga. Ndiyo maana hakuniambia ninyamaze.

Sikupata nafasi ya kusema lolote, kwa sababu fimbo ya kuvulia ya mwalimu iliinama na mshipi ukaanza kukimbia.

"Mwachie!" Eida akapaza sauti, ameinamisha kichwa kidogo. "Usimvute, anaenda kwenye mwamba, sikia mshipi unavyolia... Bado. Bado. Sasa anageuka. Mvute, mwalimu, mvute kama mwanafunzi mtoro!"

Walipigana dakika ishirini. Eida aligeuza boti mara huku mara kule, hakukosea hata mara moja, na samaki alipochoka nikamwinua. Alikuwa jogoo, ndivyo tunavyomwita kwa ajili ya mapezi marefu yanayosimama mgongoni kama kishungi, ubavu wa fedha wenye michirizi myeusi. Jogoo hatumli, tunamrudisha.

"Nahodha, umeona rangi hizi?" mwalimu akauliza huku pumzi zikimkata.

"Mzuri sana," Eida akasema. "Mzuri kupita kiasi." Alikuwa amegeukia upande ambao hakukuwa na mtu.

Mwalimu alishika mkono wa Eida taratibu, akauweka mgongoni mwa samaki, na Eida akayapitisha mapezi yale kati ya vidole vyake, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Kisha tukamwachia jogoo aende zake. Mwalimu akahamia mbele kabisa, akatugeuzia mgongo, akajifanya anaandika. Yule ni mtu muungwana.

Nikasogea hadi magoti yetu yakagusana. "Tangu lini?" nikanong'ona.

Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Jicho la kulia tangu Maricruz aolewe. La kushoto lilianza ukungu miaka miwili iliyopita. Daktari wa Nicoya anasema hakuna cha kukata wala cha kushona. Naona mwanga. Naona kuna kitu, sijui ni kitu gani."

"Na hukuniambia! Mimi!"

"Wewe ukijua, kijiji kinajua kabla kahawa haijachemka." Akanishika goti. "Na ungenihurumia, shemeji. Ungeanza kunishika mkono nikipanda boti."

"Nilidhani unapenda mazungumzo yangu."

"Nayapenda. Mjinga wewe, nani amekuambia siyapendi?"

"Nimekutolea ulimi sasa hivi," nikamwambia, maana sikuweza kukaa nalo.

Akaangua kicheko mpaka akajifuta macho yale yale. Nami nikacheka. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na huruma, na nilikuwa nimejionea aibu mtu mzima.

Tulirudi saa tano. Kufika ufukweni kwetu kuna kazi: unasubiri nje ya mawimbi, unayahesabu, na ukipata lililo dogo unaruka nyuma yake kwa kasi hadi mchangani. Eida anafanya hivyo kwa masikio, anajua ukubwa wa wimbi kwa jinsi linavyopumua. Nilishaamua moyoni kwamba nitamsaidia kudanganya. Nitamnong'oneza, yeye atashika usukani, Maricruz aliyesimama pale mchangani hataona chochote, na boti itabaki.

"Kuna watu wanaoga?" Eida akauliza.

"Wapo."

"Wengi?"

"Kumi, kumi na wawili. Kuna mama na mtoto mchanga mgongoni. Lakini nitakuambia, kulia kidogo, kushoto kidogo, na sisi..."

"Sauti yenyewe iko wapi, Lapa?"

Mawimbi matatu yakapita chini yetu. Mkononi mwake alikuwa amevaa kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ile nahodha anayojifunga ili akianguka majini mashine izime. Akaifungua. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe, bangili nzima ya ngozi isiyojua jua. Akanivisha mkononi, akaikaza, akasimama, akashika bega langu na kupapasa hadi kwenye kiti changu. Ufukwe wote ulimwona.

"Subiri," akasema kutoka pale. "Hili kubwa. Subiri... Hili nalo. Sasa, nenda!"

Nikaenda, nikimkwepa yule mama na mtoto wake, na boti ikakaa mchangani vizuri kabisa.

Maricruz aliingia majini hadi magotini, uso umembadilika. "Mama, umeumia? Kwa nini Lapa ndiye..."

"Sioni, mwanangu," Eida akasema, kwa sauti ileile anayoagizia chumvi. "Leo nilikuwa nimpasue Yeiner katikati, na Yeiner ana ukubwa wa kabati. Nilikupa neno. Boti uiuze."

Maricruz alimshika mama yake kichwa kwa mikono miwili. Hakufurahi hata kidogo kwamba ameshinda. Alilia, na mimi nililia, na mwalimu alivua kofia yake kana kwamba tuko kanisani. Kisha Maricruz akapangusa pua, maana yeye ni binti wa Eida, na akanigeukia.

"Kesho kuna wageni wawili. Wewe unaweza kuwapeleka?"

"Kuendesha naweza."

"Na kwenye mwamba unajua kufika?"

Nikatazama bahari. Ilikuwa pana, bluu, mahali pamoja sawa na pengine. Miaka kumi na tisa nimepita pale, kila asubuhi, nikiwa nimeipa mgongo.

"Sijui," nikasema. "Mimi nilikuwa namtazama yeye tu."

Maricruz akamtazama mama yake. Yeiner alikuwa amerudi na ameshatia nanga, amekuja kusimama karibu nasi. Alijua vizuri kwamba kioo chake hakijawahi kuuona mwamba ule.

"Basi mama atakaa mbele," Maricruz akasema. "Wewe utashika usukani na utamwambia kila unachokiona. Kila kitu, Lapa. Na yeye atakuambia mahali ulipo."

Eida aliinua kidevu, akavuta hewa puani, akakunja mikono kama nahodha yeyote anayempa mfanyakazi wake amri.

"Saa kumi na moja na nusu," akaniambia kwa ukali. "Na usinichelewe."

Alikuwa anamtazama mwalimu. Nikasogea taratibu mchangani, bila kelele, mpaka nikasimama pale alipokuwa akitazama.

"Sichelewi, nahodha," nikamwambia.