Chai ya Bi Hajira na Kidonge cha Marziya

Kila nyumba ya bonde letu la Shigar ina mtu ambaye mifugo humfuata bila kiboko. Nyumba ya Bi Hajira, majirani zangu, ilikuwa na Marziya, mke wa mwanawe. Kila kiangazi yeye ndiye aliyepanda na zomo wao, wale ng'ombe wenye damu ya yaki, mnyama wa manyoya marefu wa milima ya theluji, mpaka malisho ya juu. Alikaa huko akisukasuka maziwa, kisha akashuka na siagi na mashavu mekundu.

Basi mwaka mmoja alishuka kutoka malishoni akiwa amepoa. Neno jingine sina. Sisi tunaanika aprikoti mapaani, jua linachoma utosi, yeye kajifunika shali mbili anasinzia na sinia mapajani. Uso ulimvimba, sauti ikawa nzito, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Chakula anakidokoa tu, na bado ananenepa.

"Wifi, umegeuka dubu?" alimtania Nargis, mdogo wa mumewe. "Hata dubu hungoja theluji ndipo alale!"

"Niache, wifi. Hata kucheka kunanichosha."

"Basi mwakani nitapanda mimi."

Nargis alisema akicheka, lakini haukuwa mzaha, na Marziya alilijua hilo. Nani atamwachia mifugo mtu anayelala amesimama? Na malisho yale ndiyo yalikuwa furaha yake ya mwaka mzima.

Mumewe akampeleka mjini Skardu kupimwa damu. Wakaambiwa tezi ya shingoni imechoka. Wakarudi na vidonge, kimoja kila asubuhi.

Sasa, katika nyumba ya Bi Hajira hakuna kinachopita kooni asubuhi kabla ya chai yake ya chumvi, iliyopigwa na siagi, maziwa na magadi mpaka ikatoa povu. Bakuli la kwanza ni la mgonjwa. Basi kipupwe chote bibi yule alimwekea mkwewe kidonge kiganjani, akakisindikiza na bakuli lililojaa pomoni.

"Kunywa, mwanangu, kiteleze."

Kikateleza kweli! Miaprikoti ikachanua, Marziya bado anasinzia.

Asubuhi moja Tahira, muuguzi wa zahanati yetu, alipita mapema kumjulia hali, akawakuta katika shughuli hiyo hiyo.

"Hee! Mama, unafanya nini?"

"Nampa mkwe wangu dawa. Ulidhani nampa nini, sumu?"

Tahira akavua viatu, akaketi karibu na jiko la bati. "Mama, ukiwa na kuni tele lakini jiko halina pumzi, unapata nini?"

"Moshi, na macho mekundu."

"Haya. Ndani ya kila chembe ya mwili wa Marziya kuna majiko madogo, wala hayaonekani kwa macho. Chakula ndicho kuni. Homoni ya tezi hupita kwenye chembe zote ikiamuru: washeni, ongezeni majiko! Yake haitoshi, ndiyo maana kuni zinarundikana na moto ni hafifu. Si uvivu, mama. Kidonge ndicho kinamletea homoni hiyo, lakini hiyo chai yenye maziwa inakizuia tumboni, damuni kinafika kidogo sana. Ameze kwa maji matupu, asubiri saa nzima, ndipo anywe chai."

Bi Hajira aliliangalia bakuli kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Kwa hiyo chai yangu ndiyo iliyomzimia moto?"

"Chai yako tamu mno, mama. Ichelewe kidogo tu."

Wengine wangenuna. Yeye kesho yake alitoa amri: hakuna wa kunywa chai mbele ya mkwe wake anayengoja. Nyumba nzima isubiri mpaka jua ligonge mwamba wa ng'ambo ya mto, ndiyo alama yake kwamba saa imetimia.

"Mama, mimi tezi yangu nzima!" alilia Nargis.

"Na subira yako je, nayo nzima?"

Wakangoja, matumbo yakiunguruma. Mambo yakaanza kubadilika polepole. Kwanza mikono ya Marziya ikapata joto. Baadaye akaanza kuamka kabla ya wenzake. Siku moja nikamsikia akigombana na Nargis kwa sauti yake ya zamani, tukafurahi mtaa mzima.

Siku ya kupanda ilipofika, tuliwasindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Marziya mbele, zomo nyuma yake. Mlima ulipoanza kusimama, naye akasimama ghafla. Nilimwona Bi Hajira akishika kifua.

"Umechoka, mwanangu?"

Marziya akageuka, uso unang'aa jasho. Akavua shali, akamrushia Nargis.

"Nishikie, wifi. Nina joto!"

Nargis aliikunja ile shali, akacheka mpaka akakaa chini. "Nenda, dubu. Ila siagi ya kwanza yangu!"

"Na huko juu maji kwanza!" Bi Hajira alipaza sauti, maana zomo walishaanza kukwea. "Usinifanyie ujanja!"

"Huko juu jua linafika mapema, mama!"

"Basi utakunywa chai kabla yetu. Nenda!"