Bi Kiraka na Boti Iliyolegea

Bi Kiraka, binti wa fundi baiskeli, mjukuu wa mshona mahema, aliyeziba tairi la trekta akiwa na mimba ya miezi minane, aliyelea watoto wanne kwa gundi na msasa, hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Boti zote za mpira za kampuni ya wazamiaji zilipita mikononi mwake. Alizijua kama wanawe: ile ndogo ya kukunjwa, inayobebwa begani kama godoro, ile yenye sakafu ya mbao, kaidi kuipanga, na ile kubwa yenye tumbo gumu, inayopakia wazamiaji wanane na mitungi yao ya hewa. Hiyo aliiita Bibi Harusi, maana haikubali kuharakishwa.

Alasiri moja nahodha aliingia karakanani, uso umemkunjamana, akivuta Bibi Harusi juu ya kitoroli chake.

"Mama, kiraka chako kinavuja. Tumefika mwambani boti imelegea kama mkate uliolowa chai. Nimewarudisha watu hata nywele hawajalowa. Bosi anasema kazi ataipeleka kwa fundi mwingine."

Bi Kiraka akaizunguka boti. Miaka kumi na tisa, kiraka chake hakijawahi kuvuja. Lakini sauti hakuipandisha.

"Uliijaza wapi?"

"Pale uani, juani. Ikakaza, ngoma haioni ndani."

"Na maji ya mwambani?"

"Baridi, mama. Yanauma meno."

Bi Kiraka akakoroga sabuni, akapaka povu kwenye kiraka, kwenye mishono, hadi kwenye vali. Wakainama wote wawili. Hakuna hata kipovu kimoja kilichovimba.

"Labda inakuonea haya," nahodha akasema.

"Nyamaza, unywe chai."

Wakaisukuma boti nje, juani. Kikombe hakijafika nusu, nahodha akaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikarushwa.

"Nani ameijaza?"

"Jua. Hewa ikipata joto inavimba, ikipata baridi inanywea. Wewe uliijaza ikiwa na joto, ukaitosa kwenye baridi, ukaja kunitukania kiraka."

Nahodha akakuna kisogo. "Nisamehe, mama. Nimekuvunjia heshima."

"Haivunjiki kirahisi hivyo. Mpigie bosi wako, umwambie ulichokiona. Nikisikia."

Akapiga. Bosi alipomaliza kuelezwa akasema, "Mwambie mama boti zote zibaki kwake."

Hapo Bi Kiraka akaenda rafuni, akashusha pampu ya mguu, akaipangusa kwa upindo wa kanga.

"Kuanzia kesho hii inapanda botini, na kazi yake ni yako, si ya mtu mwingine. Boti ikishuka majini, iache ipoe, kisha ibonyeze kila upande. Imelegea, ongeza. Asivae mtu mtungi kabla hujamaliza."

"Na ikirudi juani?"

"Niambie wewe."

"Napunguza hewa, isije ikapasua mishono."

"Haya, shika."