Leseni ya Pantufa

Mimi mbwa siwapendi, bora niseme mapema. Nina saluni chini ya ghorofa yetu, hapa Setúbal, Ureno, nyuma ya bandari, na mbwa yeyote akiingiza pua kunusa nywele nilizokata namfukuza kwa ufagio. Kwa hiyo serikali ilipotoa orodha ya aina za mbwa wa hatari na masharti yake, nilikuwa wa kwanza kushangilia. Kuna mtoto wa mteja wangu aling'atwa shavu na mbwa wa jirani, na shavu lile nimeliona kwa macho yangu likiwa na nyuzi. Nikasema safi sana, tena wamechelewa. Sikujua kwamba sheria hiyo hiyo itakuja kupanda ngazi zetu mpaka ghorofa ya tatu, kwa Herminia.

Herminia alikuwa mwanamke wa kiwandani. Aliingia kiwanda cha samaki wa makopo akiwa msichana mdogo, akakata vichwa vya sadini mpaka siku wenye kiwanda walipofunga mlango na kuondoka zao. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Alibaki na mtoto mmoja tu, Ivo, kijana mcheshi, mchapakazi, ila mwepesi wa mkono. Siku moja baada ya mechi alimpiga mtu ngumi moja nje ya baa, mtu akavunjika taya, na Ivo akaenda jela.

Nyuma yake aliacha kijibwa cha rotwaila, kichanga, kinachotosha kiganjani. Kilikuwa kinalala ndani ya kiatu cha manyoya cha Herminia, vile vya kuvalia ndani wakati wa baridi, ambavyo sisi huviita pantufa. Basi jina likawa hilo hilo. Baadaye Pantufa akawa dume zito, kifua mapipa mawili, na watu wakisikia jina lake walikuwa wanacheka mpaka wamwone.

Herminia alipokwenda gerezani kumwona mara ya kwanza, Ivo hakuomba sigara wala nguo. "Mama," alimwambia, "nitunzie Pantufa. Nikitoka nimkute." Kwa Herminia hayo yalitosha.

Muda si mrefu polisi wakabisha hodi. Mbwa aliandikishwa kwa jina la Ivo, na mtu aliyefungwa kwa kupiga watu haruhusiwi kumiliki mbwa wa orodha ile. Ama mwingine mwenye rekodi safi amchukulie leseni, ama anapelekwa kituo cha mbwa cha manispaa, na kule mbwa wasio na mwenyewe walikuwa hawakai sana.

"Niandikeni mimi," Herminia akasema.

"Mama, si kuandika tu. Kuna bima, kuna kuhasiwa, kuna darasa, kuna mtihani."

"Mtihani wa mbwa au wangu?"

"Wote wawili."

Nilimsikia akishuka ngazi kwa kishindo. Aliingia saluni akiwa bado na aproni. "Odete, wewe si unasoma vizuri? Basi kaa hapa, nisomee." Yeye kusoma alikuwa anasoma kwa shida, kidole juu ya kila neno. Basi nikawa namsomea sheria huku nikiwasokota wateja nywele, na wateja nao wanasikiliza, mpaka nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wanajua urefu wa kamba unaotakiwa. Mbwa asitoke bila kufungwa mdomo. Mlangoni kuwe na kibao cha onyo. Kibao hicho Herminia alikipigilia chini ya kigae chake chenye picha ya Mtakatifu Antonio. Nikamwambia sasa mtu akija kusali atakimbia.

Darasa lilikuwa kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Nilimsindikiza siku ya kwanza kwa sababu aliniomba, na kwa sababu, nisiwafiche, nilitaka kuona. Wengine wote walikuwa vijana wa kiume wenye michoro mpaka shingoni, na mbwa wao wenye vifua. Herminia akaingia na gauni lake jeusi la ujane, mkoba kwapani, Pantufa pembeni.

"Bibi, umepotea," kijana mmoja akamwambia. "Darasa la kushona ni kanisani."

"Kushona nishamaliza, mjukuu wangu. Nimekuja kujifunza kufunga midomo. Ukitaka nianze na wako."

Walicheka hata mbwa wakabweka. Sajini Teles, aliyekuwa anafundisha, alijifanya hakusikia. Alikuwa mtu wa haki yule sajini. Siku ya mtihani Pantufa alikaa alipoambiwa kaa, na alilala alipoambiwa lala, hata wakati mbwa mwingine alipopitishwa mbele ya pua yake. Walifaulu wote wawili. Wakati anamkabidhi leseni, sajini alimvuta pembeni.

"Dona Herminia, jambo moja usilisahau. Mwanao akitoka, ile kamba asiishike. Hata kwa dakika moja. Akishikwa nayo, leseni yako imekwenda na mbwa amekwenda."

"Nimeelewa, sajini."

Na kweli alielewa. Miaka yote iliyofuata nilimwona akimtembeza asubuhi na jioni, mvua au jua, kamba fupi, mdomo umefungwa. Watu walivuka barabara wakimwona. Yeye alikuwa anawaamkia tu kutoka ng'ambo. Mimi mwenyewe nilianza kumruhusu yule mbwa alale kizingitini, mchana, wakati wateja hawapo. Msiniulize kwa nini. Alikuwa na namna ya kukutazama akiomba radhi kwa ukubwa wake.

Ivo alitoka mwezi wa Juni, kwa kifungo cha nje, chenye masharti tele. Sharti mojawapo ni lile lile: asiwe na mbwa wa orodha mkononi mwake. Mtaa ulitoa meza nje, tukachoma sadini, moshi ukajaa mpaka kwenye mapazia. Herminia alikuwa na hofu moja tu, kwamba mbwa amemsahau. Alimshusha taratibu. Pantufa alisimama, akanusa hewa, halafu yule mnyama mzima akajikojolea, akaanza kulia sauti nyembamba ambayo sikujua kama imo ndani yake. Ivo alikaa chini barabarani, akamkumbatia, na hakuna aliyekula kwa muda. Mimi nililia, na sikuona haya.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Mbwa alilala miguuni pa Ivo, na kutembezwa alitembezwa na mama. Lakini Ivo alitafuta kazi bandarini, akakosa. Akatafuta kwenye magereji, wakamuuliza alikuwa wapi miaka hii, akawaambia, wakasema watampigia simu. Akawa anakaa dirishani, anamtazama mama yake akiteremka na mbwa wake, anawatazama mpaka wapinde kona. Uso wake ulikuwa unanitia uchungu, maana nilimjua tangu akinyolewa kwangu juu ya mto wa kuongezea kiti.

Basi Jumapili moja Herminia aliamka magoti yamevimba, hata kusimama ilikuwa shida. Mbwa alikuwa anakwaruza mlango. Yaliyosemwa juu kule alinisimulia mwenyewe.

"Nipe kamba, Mama. Nafika naye kona tu, narudi."

"Hairuhusiwi, Ivo. Unajua."

"Kona tu!"

"Sajini kasema hata dakika moja."

Ivo akamwuliza, bila hasira, "Mama, hivi nimerudi nyumbani, au wamenihamisha gereza tu?"

Herminia akamtazama. Akainuka kwa kushika meza, akamfunga mbwa mdomo yeye mwenyewe, akavuta mkanda kuhakikisha umekaza, akampa mwanawe kamba.

Nilikuwa mlangoni nafagia. Nikaona Ivo anatoka na Pantufa, nikamkemea, "We Ivo! Mama yako yuko wapi?"

"Yuko juu, dada Odete. Kona tu, nageuza sasa hivi!" Alikuwa anacheka. Tangu atoke jela sikuwa nimemwona akicheka hivyo, kwa meno yote.

Kwenye kona lilikuwa limesimama gari la polisi.

Hakuna kilichotokea, nataka hili lijulikane. Hakuna aliyeng'atwa wala kubwekewa. Polisi kijana alishuka, akasalimia, akaomba leseni, na Pantufa akakaa chini bila kuambiwa, kama alivyofundishwa. Walirudi wote mpaka mlangoni petu, polisi mbele. Akapaza sauti kumwita Herminia. Aliteremka ngazi zote zile na magoti yake, mkono kwenye reli, na alipomwona polisi akawa ameshajua.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona haya, anatazama kofia yake. "Mama, lazima niandike, wenzangu wameona. Sasa nieleze. Kama huyu kamchukua mbwa bila wewe kujua, leseni yako iko salama, panda na mbwa wako juu. Ila yeye nampeleka kwa jaji, na atarudi ndani. Kama ni wewe uliyempa, kwake ni onyo. Lakini leseni nakufutia, na mbwa naondoka naye leo hii."

Ivo alidakia kabla hajamaliza. "Nimemchukua mimi. Mama alikuwa amelala. Nimeiba kamba msumarini."

"Mwongo huyo," Herminia akasema.

"Mama, nyamaza!"

"Mwongo, afande, usimwandike. Nimempa mimi kwa mkono wangu huu. Nimemfunga mbwa mdomo mwenyewe, nikampa kamba."

"Mama, ni miezi tu! Nitakaa, nitatoka. Huyu wakimchukua hatoki!"

"Najua," Herminia akasema. Halafu akachukua kamba mkononi mwa Ivo, akampa polisi.

Pantufa alipanda gari bila shida, akidhani anapelekwa matembezi. Ivo alipiga ukuta wa saluni yangu kwa ngumi mpaka vidole vikatoka damu, na siku ile hakusema na mama yake.

Zilizofuata zilikuwa siku za kukimbia huku na huku. Tulitafuta mtu mwenye leseni wa kumchukua. Wale vijana wa darasani Herminia aliwafuata mmoja mmoja. Mmoja, mwenye nyumba aliyompangisha alikataa, mwingine alikuwa na mbwa wake anayekula wenzake, yule wa utani wa kushona alikuwa amehamia Ufaransa. Mwisho nilikwenda mimi. Ndiyo, mimi. Nilikwenda kwa Sajini Teles nikasema niandike, nitamchukua. Alinitazama, akavua miwani. "Dona Odete, darasa lijalo ni mwezi wa Oktoba. Kituo hakiwezi kumweka mpaka Oktoba. Nimeuliza. Nimeuliza mara nyingi kuliko unavyodhani." Nilimtukana. Hakustahili, lakini nilimtukana.

Asubuhi moja tukaitwa kituo cha mbwa, kumuaga. Herminia aliruhusiwa kuingia, na mimi nikaruhusiwa kwa sababu magoti yake hayakumbeba. Ivo hakuruhusiwa. Alibaki nje ya ukuta, upande wa barabara, ambako huoni kitu.

Pantufa alikuwa amekonda. Alikuja kwa kujinyonganyonga mwili mzima, kijimkia chake kikipiga mlango wa chuma. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Herminia akamwuliza, "Humu ndani, lazima afungwe mdomo?"

"Humu ndani hapana, mama."

Akamfungua. Akakaa sakafuni, mwanamke yule na magoti yale, akakilaza kile kichwa kikubwa mapajani. Alikuwa amemletea wali na shingo za kuku. Pantufa alimla kwanza mikono, kwa kulamba, ndipo akakumbuka chakula. Herminia alikuwa anamwambia maneno ambayo sitayaandika, ni yake. Daktari akampiga sindano ya mguuni.

Na hapo ndipo Ivo, kule nje, hakuweza tena kujizuia. Akaita kwa sauti yake yote, "Pantufa! Pantufa, njoo!"

Mbwa alisikia. Masikio yalisimama. Akainua kichwa kutoka mapajani pa yule aliyemlisha miaka yote, akageukia ukuta, akajaribu kuinuka aende. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikakataa. Alijaribu tena. Herminia akamkumbatia kifuani, akawa anamwambia nenda, nenda baba, nenda, mpaka akawa mzito. Daktari alikuwa ametugeuzia mgongo.

Tulipotoka, Ivo alikuwa amesimama ameshika nondo za geti, uso umemvimba. Hakuuliza kama imekwisha. Aliuliza, "Mama, alinisikia?"

Herminia akamshika shavu.

"Hapana, mwanangu. Alikuwa ameshalala."