Paswedi ya Mwalimu wa Kwaya

Emiliana hakuwa mtu wa kunyenyekea. Waulize kule chini ya mlima wa Sekenke: aliwahi kumfukuza mzee wa kanisa shambani kwake kwa ajili ya mbuzi, na Jumapili akakaa naye benchi moja bila kumtazama. Ndiye aliyewaambia wazee wa usharika alichokiona mazoezini: mwalimu wa kwaya, Ezekieli, akimpiga binti Happiness teke la tumbo kwa kosa la kuwahi kuingia kwenye wimbo. Ezekieli akatengwa na kanisa, kwaya akanyang'anywa. Kompyuta ya kwaya aliirudisha, ila ilifungwa kwa paswedi aliyoijua yeye tu. Kukomoa alijua.

Wazee wakaita fundi kutoka mjini. "Nikipiga windo upya, yaani programu nzima ya mashine, itafunguka," alisema, "ila vyote vilivyomo vinafutika." Wazee wakaona sawa, nyimbo zitarekodiwa tena.

Zitarekodiwa na nani? Flora, binti wa Emiliana aliyeongoza nyimbo zile, alikufa masika. Simu yake iliibwa msibani, na walewale waliokuja kulia. Sauti yake ilibaki ndani ya mashine ile tu. Emiliana akaomba fundi asubiri mpaka Jumatatu, akaenda kwa Ezekieli.

Alimkuta uani akipiga alizeti kwa fimbo. Ezekieli ni mdogo kwake kwa mbali, lakini shikamoo hakutoa.

"Nipe paswedi, Ezekieli. Siwaombei wazee. Ni kwa ajili ya Flora."

"Flora nilimfundisha mimi." Fimbo haikusimama. "Jumapili simama mbele ya usharika, useme ulinisingizia. Nikirudishwa kundini, naifungua siku hiyohiyo."

"Nilikuona kwa macho yangu."

"Basi kakae na macho yako."

Emiliana alimchukia mtu yule mpaka meno yakamuuma. Njia nzima alimtukana kwa Kinyiramba, maana Kiswahili hakikumtosha.

Jumapili, wakati wa wenye kutubu, alisimama. "Nilimsingizia Mwalimu Ezekieli. Hakumpiga mtu." Kanisa likaimba, watu wakapita kumshika mkono kama ilivyo desturi. Happiness alikuwa benchi la mbele. Hakulia, alimtazama tu. Mlangoni mama yake, Leah, akamzibia njia Emiliana.

"Wako umemzika," alisema. "Sasa umemzika na wangu."

Emiliana akampita ubavuni, akaelekea ofisi ya usharika.

Wazee walimrudisha kundini palepale, naye Ezekieli hakuvunja ahadi. Aliingia ofisini kifua mbele, akaandika paswedi kwa kidole kimoja, mashine ikafunguka. Akatoka bila kuaga, huku wazee wakimwita Mwalimu.

Emiliana akavaa spika za masikioni, akafungua wimbo. Flora akaanza, sauti nzima, yenye afya, na mama yake akalia. Kilipofika kiitikio, aliyempokea Flora alikuwa Happiness.

Akarudisha mwanzo. Kila aliporudisha, walikuja wote wawili.